Kamera, Mhunzi na Lugha ya Nyumbani

Siku hizi ni nadra kupita mwezi bila kusikia kwamba utamaduni wetu utaokolewa na kamera. Husemwa katika warsha, husemwa redioni, husemwa hata misibani pale mzee anapozikwa na mtu mmoja akasikitika kwamba hakuna aliyewahi kumrekodi. Mimi nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na sehemu kubwa ya maisha hayo nimeitumia katika chuo cha ualimu, kwanza nikiwa mkufunzi, baadaye mkuu wa chuo. Kila nisikiapo kwamba chombo fulani kitatuokoa, hunijia maswali niliyokuwa nikiwauliza wanachuo walipokuja na zana mpya ya kufundishia. Zana hii inafundisha nini? Inamfundisha nani? Na kesho itakuwa wapi? Katika insha hii nakusudia kuyauliza maswali hayo juu ya filamu zinazotengenezwa ili kuhifadhi mila na ujuzi wa jadi, hasa zile zinazotengenezwa na wenyeji wenyewe kwa vyombo vidogo vya dijitali. Nitazitazama chache, za mbali na za karibu, na nitasema wazi ninachokiona kuwa kizuri na ninachokiona kuwa kibovu.

Sisi wa mkoa wa Songwe tuna sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Ndani yake wamo Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Momba, Wandali na Walambya wa Ileje, Wawanda, na Wabungu wa upande wa Ziwa Rukwa. Tunduma, mji ninaoishi, ni lango. Mtoto anayezaliwa hapa husikia Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote, kisha Kibemba cha ng'ambo, kisha Kinyakyusa cha wafanyabiashara, na lugha ya bibi yake huisikia akipelekwa kijijini wakati wa likizo. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Lakini upande wa Nakonde machifu wapo hadi leo na wana nafasi yao inayotambuliwa, ambapo upande wetu utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Silalamikii uamuzi ule. Ulikuwa na hoja zake na taifa lilijengwa. Ninachosema ni kwamba kwetu hakuna boma wala kiti kinacholazimika kuyakumbuka mambo ya kale. Yanakumbukwa na watu tu, na watu hufa.

Chukua mfano wa chuma. Kila mgeni anayefika Mbozi hupelekwa kijiji cha Ndolezi, mlima Marengi, kukiona Kimondo. Ni haki yake kukiona. Ni pande la chuma lenye urefu wa kama mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, lililoanguka kutoka angani katika enzi isiyokumbukwa na mtu. Wataalamu waliandika habari zake mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wakilijua siku zote. Kimondo kimepigwa picha zisizo na idadi. Lakini katika nchi hiyo hiyo ya Unyiha, na katika ukanda wote ulioko kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, walikuwapo watu waliotoa chuma katika mawe kwa mikono yao. Walijenga tanuru refu la udongo lililozidi kimo cha mtu, wakalijaza mkaa na mawe ya chuma, wakauacha upepo upite wenyewe katika matundu ya chini bila kutumia mivukuto. Baadaye walikisafisha chuma kile katika tanuru dogo kabla hakijafika kwa mhunzi. Majembe ya ukanda huu yalitoka huko. Basi tunalo jiwe lililoanguka lenyewe, nalo limejengewa uzio na kuwekewa mlinzi. Na tunao ujuzi ulioumbwa na babu zetu, nao haukuwekewa chochote. Kamera huenda pale ambapo pamekwisha kusemwa kuwa pana maana. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuliangalia katika filamu yoyote ya mila: nani aliyesema kwamba hapa pana maana?

Swali hili si geni katika nchi yetu. Watu wengi hudhani kwamba sinema iliyochezwa na wenyeji ilianza juzi. La hasha. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja Notcutt na mwenzake Latham, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, waliendesha jaribio kubwa la sinema kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35 fupi. Waigizaji walikuwa Waafrika, mandhari yalikuwa ya hapa hapa, na sauti ziliwekwa katika santuri kwa lugha kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati. Kwa macho ya haraka, hizo zilikuwa filamu za jamii. Lakini tazama mada: kodi, minyoo ya safura, benki ya posta ya kuweka akiba, kijana aliyekwenda mjini akaharibika. Uso ulikuwa wa Mwafrika, mdomo ulikuwa wa Mwafrika, neno lilikuwa la serikali. Aliyeshika kamera ndiye aliyeamua nini kisemwe, na mwenyeji alikuwa kama mwanafunzi anayesoma kwa sauti insha iliyoandikwa na mwalimu.

Jaribio lile lina somo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Katika filamu zile 35, zilizobaki hadi leo ni chache mno, nazo ziko katika hifadhi za Uingereza. Wimbo wa kutwangia uliokuwa ukiimbwa Usambara mwaka 1935 huenda bado unaimbwa na mjukuu wa aliyeuimba; filamu iliyotengenezwa kando yake imekwisha kupotea. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili kila anapoambiwa kwamba kurekodi ni kuhifadhi.

Baada ya hapo yalikuja magari ya sinema, ambayo watu wa rika langu tunayakumbuka: gari linaingia kijijini alasiri, shuka jeupe linatundikwa, na giza likiingia watoto wote wanakaa chini mbele kabisa. Katika miaka ya 1950 filamu ya Muhogo Mchungu ilimtumia kama mchezaji mkuu kijana Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wetu. Watu walicheka na kulia kwa sababu walimwona mtu wao akisema lugha yao. Miaka mingi baadaye jambo hilo hilo lilionekana katika mabanda ya video. Filamu za Hong Kong na Marekani zilipoonyeshwa mabandani, walitokea akina Lufufu, waliokaa na kipaza sauti wakaisimulia hadithi yote kwa Kiswahili cha mtaani, wakaongeza utani, wakawapa wahusika majina yetu. Wasomi wengi waliwadharau. Mimi nawatetea, kwani walithibitisha kwamba mtazamaji wetu hatosheki na picha. Anataka sauti ya mtu anayemfahamu imwambie picha ile inamhusu nini.

Sasa niingie katika filamu yenyewe ninayotaka kuipima. Mwaka 1988 ilitoka filamu iitwayo The Tree of Iron, yaani Mti wa Chuma, iliyotengenezwa na Peter O'Neill na Frank Muhly kutokana na kazi ya mwanaakiolojia Peter Schmidt huko Buhaya, mkoa wa Kagera. Wazee wa Kihaya ambao walikuwa wameacha kuyeyusha chuma miongo mingi kabla, kwa sababu chuma cha dukani kilikuwa rahisi, waliombwa wajenge tanuru upya kwa kumbukumbu. Tunawaona wakichimba shimo, wakichoma majani ya kinamasi na kuyapanga chini, wakisimamisha tanuru, wakipanga mirija ya udongo, wakipuliza mivukuto. Kazi inawataka wakumbuke kwa mikono vitu ambavyo midomo ilikwisha kuvisahau. Pamoja na hayo filamu inaeleza habari za Katuruka, mahali palipochimbuliwa mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, ambapo masimulizi ya wenyeji yalikuwa yameshikilia kumbukumbu ya uhunzi muda wote huo.

Nasema bila kusita kwamba filamu hii ni ya maana. Uzuri wake wa kwanza ni subira. Haimkati mzee anapofikiri. Uzuri wa pili ni kwamba inamheshimu mzee kama mtaalamu. Anapolipanga jani, tunaelezwa kwa nini jani lile lina kazi ya kikemia katika moto. Uzuri wa tatu ni kwamba haikuuacha upande wa imani. Kwa Wahaya, kuyeyusha chuma kulikuwa kama kuzaa, na tanuru lilikuwa na miiko yake. Ndivyo ilivyokuwa hata Ufipani, jirani zetu, ambako tanuru lilipambwa na kutajwa kama bibi harusi. Mtu akionyesha moto na udongo bila kuonyesha miiko, ameonyesha nusu ya kazi. Hapa kwetu, mchunguzi kama Profesa Bertram Mapunda ameandika mengi juu ya chuma cha Ufipa. Lakini kitabu hakiwezi kukuonyesha jinsi mzee anavyoinamisha kichwa kusikiliza sauti ya moto. Filamu inaweza.

Hata hivyo filamu hii ina upungufu, na upungufu wenyewe si wa ufundi. Msimulizi wake anasema Kiingereza na anawaeleza watu ambao hawajapata kufika Kagera. Swali analolijibu ni swali la ulimwengu wa wasomi wa wakati ule: je, Waafrika waliweza kutengeneza chuma kizuri kwa akili yao wenyewe? Ni swali zito, na jibu lake lilipotangazwa na Schmidt na mwenzake Avery mwaka 1978 liliwatia watu wengi heshima. Lakini sidhani kama hilo lingekuwa swali la mjukuu wa mhunzi. Mjukuu hana shaka kwamba babu yake aliweza. Yeye anauliza: jina la ule mrija ni nani? Mama zetu walikuwa wapi wakati kazi ikifanyika? Ni nani aliyerithi mahali pale? Filamu ni mazungumzo, na msikilizaji uliyemweka akilini ndiye anayeamua utasema nini.

Kilichotokea Katuruka baadaye kinaonyesha jambo hili vizuri kuliko hoja yangu yoyote. Mnamo 2008 na miaka iliyofuata, wanakijiji wa huko walianza kazi yao wenyewe ya kuyakusanya masimulizi na kuyatunza maeneo yao matakatifu. Kilichowasukuma ni kwamba UKIMWI ulikuwa umewaondoa wengi waliokuwa wakijua, na vijana walikuwa wakikua bila wa kuwasimulia. Walimwalika yule yule Schmidt awasaidie, lakini safari hii wenyeji ndio waliotangulia na yeye akafuata. Na hapo ushuhuda wa wanawake, ambao utafiti wa mwanzo haukuupa nafasi yake, ulianza kusikika na ukabadilisha sehemu ya historia yenyewe. Tafakari hilo, msomaji. Mahali ni pale pale, mtafiti ni yule yule, mambo ya kale ni yale yale. Aliyebadilika ni mwenye kuuliza, na majibu yakabadilika.

Mfano mwingine ni wa Wamaasai wa Loliondo. Baadhi yao walijifunza kazi ya video kwa msaada wa shirika la InsightShare la Uingereza, na miongoni mwa matunda ya kazi hiyo ni filamu ya Olosho, inayohusu ardhi yao. Mwaka 2017 mmoja wao, Samwel Nangiria, alipokuwa Oxford aliingia katika makumbusho ya Pitt Rivers akaviona vitu vya watu wake vimepangwa kabatini na maelezo yasiyo sahihi. Alihoji. Mwaka 2018 na tena Januari 2020 wajumbe wa Kimaasai kutoka Tanzania na Kenya walikwenda huko, wakavishika vitu vile, wakasahihisha maelezo, na wakaonyesha vichache ambavyo kwa mila havikupaswa kamwe kuondoka nyumbani, kama bangili ambayo baba humwachia mwanawe anapofariki. Wapo wanaoona kwamba habari hii haihusiani na filamu. Mimi naona inahusiana sana. Mtu aliyezoea kujiuliza nini kiingie katika picha na nini kiachwe nje hupata macho ya kuhoji kabati la mtu mwingine. Hayo ndiyo mafunzo ninayoyathamini, zaidi hata ya filamu iliyotoka.

Nao wavuvi wa pwani ya Kusini, katika miaka ya 1990, walitumia video chini ya mradi uliofadhiliwa na Ufini na kwa kushirikiana na kikundi cha Maneno Mengi, ili kueleza madhara ya uvuvi wa baruti. Hawakuwa wakihifadhi mila. Walikuwa wakitetea kitoweo. Lakini njia yao ilikuwa nzuri: wanarekodi, wanajitazama, wanabishana, wanarekodi tena, kisha wanawaonyesha viongozi. Mwalimu yeyote ataitambua njia hiyo. Ndivyo somo linavyofundishwa likaeleweka.

Baada ya kuyasema ya mbali, ni haki niyaseme ya karibu, kwa maana ni rahisi kumhukumu mgeni. Mwaka juzi vijana watatu wa hapa mjini walinijia jioni. "Shikamoo Mwalimu, tuna filamu yetu tunaomba uitazame utuambie ukweli." Ilikuwa filamu ya dakika 22, iliyopigwa kwa simu, kuhusu mhunzi mmoja mzee wa Kinyiha anayeishi nje kidogo ya mji. Mzee huyu hayeyushi mawe. Kazi hiyo ilikwisha kabla hajazaliwa. Yeye hununua springi za malori mabovu, ambazo Tunduma hazikosekani, na kuzifua ziwe visu, mapanga na majembe. Lakini babu yake aliyeyusha, na baba yake alimsimulia.

Niliitazama mara mbili. Picha zilikuwa safi. Moto ulionekana vizuri. Mwanzo wa filamu kulikuwa na muziki wa kinanda wa kuhuzunisha, wa namna ile inayowekwa katika matangazo ya misaada. Sauti ya kijana ilisema kwamba ujuzi huu uko hatarini kutoweka. Kisha mzee akaulizwa kwa Kiswahili jinsi tanuru la babu yake lilivyojengwa, akajibu kwa Kiswahili, maneno machache makavu: walichukua udongo, walijenga, waliweka mkaa, waliwasha. Ikafuata ngoma ya akina mama, ambayo haikuhusu chuma kwa lolote. Ikaisha kwa muziki ule ule wa kinanda.

Niliwauliza kama wana picha walizoziacha. Walinionyesha, na hapo ndipo nilipoona filamu ya kweli. Baada ya jibu lile la Kiswahili, mzee alimgeukia mkewe aliyekuwa akichambua mboga pembeni, akamuuliza jambo kwa Kinyiha. Mkewe akamsahihisha. Wakabishana kama dakika saba. Mzee akachukua kijiti akachora ardhini umbo la tanuru, akataja kila sehemu kwa jina lake. Mama akataja sehemu moja ambayo mzee aliisahau, na akaeleza kwa nini wake za wayeyushaji hawakupeleka chakula pale wenyewe. Vijana wale waliiondoa sehemu hiyo yote. "Haieleweki, Mwalimu," waliniambia. "Watu hawajui Kinyiha." Na mmoja akaongeza kwa unyofu kwamba hata yeye, Mnyiha kwa baba na mama, hakuelewa nusu yake.

Hii ndiyo hoja yangu kuu, nami naomba isipite haraka. Kamera ilikuwa mkononi mwa mwenyeji, mzee alikuwa wa kwao, fedha hazikutoka nje; masharti yote ya filamu ya jamii yalitimizwa. Hata hivyo sikio lilikuwa la mgeni. Vijana wale walikuwa wamejifunza kutoka kwenye simu zao filamu ya mila inapaswa kuwa na sura gani: huzuni mwanzoni, ngoma katikati, huzuni mwishoni. Wakalitafuta umbo hilo kwa mzee wao na kuyatupa yasiyoingia ndani yake. Notcutt aliwapa waigizaji wake maneno kutoka ofisini. Vijana wetu wameyapokea maneno hayo bila hata ofisi. Kubadilisha mkono unaoshika kamera ni lazima, lakini hakutoshi. Lazima ibadilike na lugha ambayo swali linaulizwa.

Kwa mintarafu ya lugha, nimesikia jibu kwamba filamu ya Kinyiha haitatazamwa na mtu. Jibu hilo halina nguvu. Maandishi ya Kiswahili yanaweza kuwekwa chini ya picha, na simu za siku hizi zinafanya kazi hiyo bila gharama. Mzee anapojibu kwa Kiswahili anakupa muhtasari. Anapojibu kwa lugha yake anakupa kitu chenyewe. Majina ya sehemu za tanuru hayana Kiswahili. Yakipotea hayo, anayekuja baadaye atajua tu kwamba walichukua udongo na wakawasha moto. Traugott Bachmann, mmisionari wa Moravian aliyeishi Mbozi mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa mgeni kutoka Ujerumani, lakini aliketi akajifunza Kinyiha kwanza. Itakuwa aibu iwapo mjukuu wa Mbozi atafanya pungufu ya hapo.

Wapo pia wanaosema kwamba kila kitu kirekodiwe upesi, mambo mengine tutayafikiri baadaye. Naelewa haraka yao, lakini siikubali. Yapo mambo ambayo uhai wake uko katika kufichwa: dawa zilizowekwa chini ya tanuru, mafundisho ya wari, maneno ya matambiko. Mtoto aliyeona unyago kwenye simu kabla ya siku yake hajahifadhiwa unyago, amenyang'anywa. Kwa hiyo mrekodi mwadilifu huuliza kwanza, na akiambiwa hapana huizima kamera bila kununa. Anaweza kurekodi kwamba jambo fulani lipo na lina mwenyewe. Hilo nalo ni elimu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi, na Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kuhifadhi urithi usioshikika. Ni vizuri mambo hayo yapo katika karatasi. Lakini katika ua wa mzee, sheria ni adabu ya yule kijana aliyebeba simu.

Limebaki swali la tatu: kesho filamu itakuwa wapi? Nimekwisha kusema yaliyozipata filamu za Vugiri. Filamu za dijitali ni dhaifu zaidi, ingawa zinaonekana kama haziozi. Simu huibwa Tunduma kila siku ya Mungu. Kadi ya kumbukumbu ikilowa imekwisha. Anayeweka kazi yake kwenye mtandao anaitegemea kampuni ambayo haimjui na inaweza kuifuta. Mimi ningeshauri hivi. Picha zote, zikiwamo zile zilizoachwa nje ya filamu, zinakiliwe katika diski tatu: moja ikae kwa familia ya mzee, moja shule ya msingi ya kijiji, moja katika maktaba ya chuo. Kila diski iwe na daftari la karatasi linaloandika jina la msemaji, kijiji, tarehe, lugha, na masharti yake. Kila baada ya miaka mitano mtu aliyeteuliwa azihamishe kwenye chombo kipya. Hakuna utukufu wowote katika kazi hiyo, na hakuna tuzo ya filamu itakayotolewa kwa aliyeandika daftari. Lakini bila daftari, mjukuu atarithi nyuso za watu asiowajua wakisema maneno asiyoyaelewa.

Tena filamu irudi. Ioneshwe kwanza pale pale uani, mzee na mkewe na majirani wakiwapo, na mabishano yao juu ya makosa yake yarekodiwe pia, kama walivyofanya wavuvi wa Kusini. Katika shule zetu, badala ya kumwambia mtoto ataje faida tano za kuhifadhi utamaduni, apewe dakika saba za mzee na mkewe na kazi ya kuuliza nyumbani kwao majina ya kila kitu kilichotajwa. Hapo filamu itakuwa imefanya kazi ya zana njema ya kufundishia, ambayo ni kumrudisha mwanafunzi kwa mwenye kujua angali hai.

Nimeona watu wakiipima filamu ya mila kwa machozi iliyowatoa watazamaji wa mbali, au kwa idadi ya walioitazama. Kipimo changu ni kingine, na kila kijiji kinaweza kukitumia. Baada ya filamu kutazamwa, je, yuko kijana aliyekwenda kuuliza swali la pili? Mti wa Chuma ilichukua miaka 20 kabla watu wa Katuruka hawajasimama wenyewe kuuliza maswali yao. Sisi hatuna miaka 20. Mhunzi wetu ana umri wa miaka themanini na kitu, mkewe anamkaribia, na zile dakika saba ziko katika simu moja yenye kioo kilichopasuka. Nimewashauri vijana wale wazirudishe katika filamu yao, waondoe kinanda, na wajifunze Kinyiha cha kutosha kuelewa walichokipata. Mmoja wao ameanza.